Kutoa injini ya Corolla 110 uani: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1498, giaboksi ya otomatiki. Linakula oili karibu lita moja kila kilomita 1,000. Dereva akikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, moshi wa bluu unatoka nyuma. Pale injini inapokutana na giaboksi kuna tone la oili ambalo halikauki hata likifutwa. Kompresheni (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda) ilipimwa injini ikiwa ya moto na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho: silinda ya 1 bar 12, ya 2 bar 11.5, ya 3 bar 7.5, ya 4 bar 11.5. Silinda ya 3 ikatiwa kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, ikapimwa tena, ikapanda hadi bar 10.

Dalili hizo ni za magonjwa matatu tofauti, na wengi huyachanganya. Moshi wa baada ya mteremko huelekeza kwenye sili za valvu, kwa sababu mguu ukiwa nje ya mafuta injini huvuta kwa nguvu na oili hunyonywa kupitia shina la valvu. Kompresheni inayopanda baada ya kutia oili huelekeza kwenye ringi au ukuta wa silinda. Kama tatizo lingekuwa valvu, oili isingebadilisha kitu. Tone la kwenye mdomo wa giaboksi ni sili ya nyuma ya krenkshafti. Kwa injini za familia hii ya A, Toyota inaruhusu kompresheni ishuke hadi 981 kPa, yaani karibu bar 10, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 98 kPa. Silinda ya 3 imefeli vipimo vyote viwili.

Sasa swali la maana: je, injini lazima itoke? Sili ya nyuma peke yake haihitaji, maana unashusha giaboksi tu. Sili za valvu hazihitaji. Hata ringi za 5A-FE zinabadilishwa injini ikiwa ndani, kwa kuvua silinda hedi na sampu (karai la oili chini ya injini) na kusukuma pistoni zitokee juu. Kilichoamua kisa hiki ni kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Ilipopitishwa tundu la plagi ya silinda ya 3 ilionyesha mikwaruzo ya wima kwenye ukuta, mirefu na ya kina. Ukuta wa namna hiyo hauponi kwa ringi mpya. Unahitaji kuchongwa, na bloku haiendi kwa mchongaji ikiwa ndani ya gari. Mwenye gari akaamua kuweka injini ya mtumba. Uamuzi huo una mantiki kwa gari hili, kwa sababu 5A-FE bado zinapatikana na kuchonga bloku kunadai pistoni za saizi kubwa, ringi, beringi na gasketi zote kwa pamoja.

Na giaboksi au bila giaboksi

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, kabla hata spana haijashikwa. Mafundi wengi wa uani hutoa injini peke yake na kuiacha giaboksi ndani, kwa hoja kwamba mzigo unakuwa mwepesi na hakuna haja ya kugusa draivishafti. Kwa giaboksi ya kawaida (manyueli) hoja hiyo ina uzito wake. Kwa otomatiki tunaipinga.

Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna konveta, lile dubwana la duara lililojaa oili. Limefungwa kwenye sahani ya flaiwili kwa bolti 6, na shingo yake imeingia ndani ya pampu ya giaboksi. Ukitoa injini peke yake lazima ufungue bolti hizo 6 gari likiwa limekusanyika, moja moja, kupitia kidirisha cha chini, huku mtu mwingine akizungusha krenkshafti kwa soketi ya 19 kwenye bolti ya puli. Ukishamaliza, injini ikianza kusogea konveta inaweza kuifuata badala ya kubaki kwenye giaboksi, ikachomoka nusu na kumwaga oili yote. Hayo yanarekebishika. Wakati wa kurudisha ndipo pagumu: injini inaning'inia kwenye mnyororo, giaboksi imekaa juu ya jeki imeinama kidogo, na wewe unatakiwa kuzikutanisha bila kuona ndani. Konveta ikiwa haijakaa hadi mwisho, mtu huvuta pengo lililobaki kwa kukaza bolti za mdomo wa giaboksi. Anachovunja ni meno ya pampu. Gari litawaka vizuri kabisa, halafu halitaenda mbele wala nyuma.

Ukitoa vyote pamoja, kazi hiyo yote unaifanya chini, ardhini, kila kitu kinaonekana. Gharama yake ni kutoa draivishafti mbili na kunyanyua mzigo mkubwa zaidi. Weka hesabu ya kilo 200 kwa injini na giaboksi vikiwa na vifaa vyake. Toyota wenyewe, kwenye utaratibu wao wa gari hili, wanatoa vyote pamoja kwenda juu.

Pa kunyanyulia

Tawi la mwembe ndilo linalofikiriwa kwanza. Tatizo la tawi ni kwamba linacheza: unavuta mnyororo, tawi linainama, injini inajinasa kwenye bodi, nguvu inakusanyika, kisha inachomoka kwa mkupuo na kugonga kioo au mkono. Na mchwa hula ndani ya tawi bila kuacha alama nje. Kenchi za paa au boriti ya banda la gari ni mbaya zaidi. Mbao hizo zimewekwa kubeba bati lililosambaa, si kilo 200 kwenye nukta moja.

Miguu mitatu ya bomba la chuma la inchi 2, yenye kuta nene, inatosha, pamoja na chenibloku (winchi ya mnyororo) ya tani 1. Urefu wake uhesabiwe, usikisiwe. Ukingo wa mbele wa bodi, pale kufuli la boneti linapokaa, uko kama sentimita 80 kutoka ardhini. Ongeza sentimita 5 za kupita, sentimita 60 za injini kuanzia sampu hadi kwenye vishikio vya juu, sentimita 30 za mnyororo wa kufungia, na sentimita 40 za chenibloku ikiwa imevutwa hadi mwisho. Unapata mita 2.15. Ndiyo maana miguu ya mita 2.5 inayokodishwa mitaani huishia na injini iliyokwama nusu juu, sampu ikiwa bado ndani ya gari: ukishaitawanya miguu, kilele kinashuka chini ya kipimo hicho.

Mabomba ya mita 3.5, kilele kikiwa mita 3, yanaacha karibu mita 3.1 kati ya mguu na mguu pale chini. Kwa kimo cha mita moja, usawa wa kitako cha kioo cha mbele, nafasi imepungua hadi kama mita 2. Corolla 110 ina upana wa mita 1.69, kwa hiyo inapita, lakini kunja vioo vya pembeni. Mguu mmoja ukae mbele ya gari, miwili ubavuni karibu na milango ya mbele. Funga nyayo zote tatu kwa mnyororo au waya mnene ili zisitawanyike, na kama uwanja ni wa udongo weka kipande cha ubao mgumu chini ya kila mguu. Bomba la inchi 2 huzama kwenye udongo uliolowa kama mkuki, na mguu mmoja ukizama mzigo wote unahamia upande huo.

Injini haihamishwi. Inanyanyuliwa wima, kisha gari ndilo linalosukumwa kurudi nyuma. Sharti hili linaathiri namna utakavyoshughulika na magurudumu, na wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Kufungua

Sehemu kubwa ya bolti za gari hili ni za 10, 12, 14, 17 na 19. Kwa soketi hizo, ekstensheni ndefu, mpini mrefu wa kulegezea, mtaimbo mdogo na spana ya kupima nguvu unamaliza kazi. Watu wawili wanatosha.

Anza na betri, hasi kwanza, kisha toa na kitako chake ili upate nafasi upande wa giaboksi. Boneti: chora mstari kuzunguka bawaba kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kulegeza, chomoa mpira wa maji ya waipa, watu wawili washike. Mstari huo ndio utakaokuepusha na boneti inayosugua ukingo baadaye.

Mwaga maji ya rejeta yakiwa ya baridi, kwenye beseni. Kama ndani kuna kulanti, usiiache wazi uani. Ni tamu na ni sumu, mbwa au kuku akinywa hafiki mbali. Rejeta itoke yote pamoja na feni zake. Chini yake kuna mipira miwili ya oili ya giaboksi. Ikishachomolewa, izibe kwa bolti za unene unaolingana, vinginevyo itadondosha oili kwa siku nzima. Nyuma ya rejeta inabaki kondensa ya eesii ikiwa wazi. Isimamishie kipande cha plaiwudi sasa hivi. Boksi gumu la karatasi halitoshi, kwa sababu kona ya giaboksi ikiyumba hulipasua na kutoboa mirija.

Mipira miwili ya hita kwenye ukuta wa moto ndiyo inayodai subira. Baada ya miaka zaidi ya 20 imegandamana na mabomba ya hita, na mabomba hayo ni membamba. Anayepindua mpira kwa nguvu hupinda bomba, na hita iko nyuma ya dashibodi nzima. Chana mpira kwa urefu kwa kisu na uvue kama ganda. Mpira mpya wa sentimita chache hauna thamani ya kubishania.

Petroli kabla ya yote ishushwe presha: chomoa rilei ya pampu ya petroli injini ikiwa inawaka, iache izime yenyewe, piga stata mara mbili. (Hili bila shaka hufanywa kabla betri haijatoka.) Kisha legeza ile bolti yenye tundu kwenye bomba la kuingiza mafuta, kitambaa kikiwa kimeizunguka. Washa zake mbili hazirudishwi, nunua mpya. Jiko la mkaa la jirani upande wa upepo lihamishwe, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Kompresa ya eesii isifunguliwe mabomba. Fungua bolti zake, iache na mipira yake, ifunge kwa kamba kwenye bodi. Pampu ya pawa stiringi vivyo hivyo, isimame wima ili isimwage. Hakuna sababu yoyote ya kupoteza gesi kwenye kazi hii, na fundi anayekwambia lazima gesi itolewe anajitafutia kazi ya pili.

Waya wa umeme wa injini una njia mbili. Ya kitabuni ni kuchomoa plagi kwenye kompyuta ya gari chini ya dashibodi, kuvuta waya wote kupitia ukuta wa moto, na kuutoa ukiwa juu ya injini. Njia hiyo inafaa injini ileile inaporudi. Kwa kisa hiki, injini inayoingia ni nyingine, kwa hiyo waya ubaki garini na kila plagi ichomolewe ilipo: sindano 4 za petroli, distribyuta, sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), valvu ya sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta), sensa za joto, sensa ya oksijeni, swichi ya presha ya oili, alteneta, stata, na zile za giaboksi. Plastiki ya plagi zilizo karibu na ekzosi imekauka. Bonyeza klipu kwa bisibisi ndogo, vuta mwili wa plagi, usivute waya. Bandika utepe wa karatasi wenye namba kwenye kila upande na upige picha kabla, siyo baada. Mipira ya upepo nayo, hasa ule mnene wa breki unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye buusta.

Nyaya za chuma ziko tatu: ya kukanyagia mafuta, ya gia, na ile ya kutoka giaboksi inayoshika kwenye throto. Hii ya tatu ndiyo inayoiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani. Piga picha ya nati zake kwa karibu sana. Tutairudia.

Nati za ekzosi zilowekwe kwa mafuta ya kulegezea kutu usiku wa kuamkia kazi. Stadi ikikatika, ikatike kwenye injini mbovu, si baya.

Draivishafti

Nati kubwa ya 30 kwenye habu haihitaji kuguswa, na hili linaokoa nusu siku. Nyanyua mbele, weka stendi chini ya bodi, si jeki peke yake. Toa magurudumu, fungua bolti moja na nati mbili zinazofunga boli jointi kwenye wishboni, zile za 17. Sukuma wishboni chini kwa mtaimbo, vuta habu nje, kisha chomoa mwisho wa ndani wa shafti kutoka kwenye giaboksi kwa kuukabia mtaimbo kati ya jointi na giaboksi na kugonga mara moja kwa kishindo. Kuna ringi ndogo ya waya inayoishika. Haitoki kwa kuvutwa polepole. Usivute kwa kushika shafti yenyewe, kwa sababu jointi ya ndani itaachana ndani ya mpira wake na utaokota rola uwanjani. Mwaga oili ya giaboksi kabla, la sivyo itatoka yenyewe kupitia matundu hayo.

Shafti ikiwa imebaki kwenye habu na nati yake imekazwa, beringi ya habu imeshikwa vizuri. Ile nati ya Nm 216 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) ndiyo inayobana beringi. Gari likisukumwa kwa magurudumu yake bila shafti ndani ya habu, beringi inaweza kufunguka na kuharibika ndani ya mita chache. Kwa hiyo: rudisha boli jointi na bolti zake, rudisha magurudumu, shusha gari, na mwisho wa ndani wa kila shafti uuninginize kwenye kitanzi kilicholegea cha waya ili uzunguke gari likisukumwa.

Kunyanyua

Vishikio vya kunyanyulia viko viwili kwenye silinda hedi, kimoja kila upande. Kama kimoja kilipotea, usifunge mnyororo kwenye manifoldi ya aluminiamu. Tumia bolti fupi yenye washa nene kwenye tundu lilelile la kishikio, iingie nyuzi zake zote. Upande wa giaboksi uwe na mnyororo mrefu kidogo, kwa sababu mzigo unatakiwa kutoka umeinamisha giaboksi chini na kuinua upande wa belti.

Chenibloku ibebe uzito kabla maunti yoyote (kishikio cha injini kwenye bodi) haijalegezwa. Unajua imebeba pale gari linapoinuka kidogo kwenye springi. Maunti ziko nne: kulia upande wa belti, kushoto juu ya giaboksi, na mbele na nyuma zilizokaa kwenye boriti ya katikati inayopita chini ya injini. Boriti yenyewe itoe yote. Nafasi inayopatikana chini inalipa. Maunti ya nyuma hufunguliwa kwa kupapasa na ndiyo inayosahaulika. Ikibaki na bolti moja, utaona injini inapanda mbele na kugoma nyuma, na watu huanza kuvuta zaidi.

Panda sentimita 5, simama, zunguka gari zima kwa tochi. Waya wa athi kati ya giaboksi na bodi ndio mkosaji wa kawaida, ukifuatiwa na mpira mmoja mwembamba wa upepo nyuma ya manifoldi. Panda tena. Mtu mmoja awe kwenye mnyororo, mwingine awe na mkono kwenye giaboksi akiiongoza isigonge bomba za breki. Hakuna mguu wala mkono chini ya mzigo, hata kwa sekunde moja ya kuokota soketi iliyodondoka. Sampu ikishapita ukingo wa mbele, sukuma gari nyuma polepole, kisha shusha mzigo mara moja juu ya tairi mbili kuukuu. Mzigo usibaki ukining'inia watu wakienda kula.

Ardhini

Fungua stata, kidirisha cha chini, bolti 6 za konveta, kisha za mdomo wa giaboksi. Hizi za mdomo zina urefu tofauti. Chora umbo la mdomo kwenye boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake. Konveta ibaki kwenye giaboksi.

Injini ya mtumba ipimwe kabla haijaingia, na ikiwezekana kabla haijalipiwa. Fungua kifuniko cha oili: utando mweusi mzito kama lami chini yake unaonyesha oili haikubadilishwa. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ifungie giaboksi na stata kwa muda, ilalie tairi, ipige stata kwa betri na upime kompresheni zote nne, ukijua injini ya baridi itasoma chini kidogo kuliko ya moto. Unachotafuta ni ulingano. Silinda tatu za bar 11 na moja ya bar 8 ni kununua ugonjwa uleule.

Kisha ibadilishwe vitu ambavyo ni rahisi sasa na ni adhabu baadaye: sili ya nyuma ya krenkshafti, sili ya mbele, sili ya kemshafti, belti ya taiming na tenshena yake, pampu ya maji, themostati. Kubadilisha belti injini ikiwa ndani kunadai maunti ya kulia ifunguliwe na mikono ipite kwenye nafasi ya kiganja. Bolti ya puli ya krenkshafti hukazwa Nm 118, za sahani ya flaiwili Nm 64. Sili mbili za draivishafti kwenye giaboksi nazo zisisahaulike. Hamisha distribyuta, sensa na manifoldi ya kuingiza hewa kutoka injini ya zamani kama plagi za mtumba hazilingani. 5A-FE zinazoletwa zimetoka kwenye magari tofauti na tofauti yao kubwa iko hapo.

Jambo la makaratasi lishughulikiwe wakati injini iko chini na namba inasomeka. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Tanzania mabadiliko hayo yanapelekwa TRA, Kenya NTSA. Pata risiti ya muuzaji yenye namba hiyo, na piga picha namba kwenye bloku kabla haijafichwa na mabomba.

Kurudisha

Giaboksi ikiwa chini, elekeza mdomo wake juu. Sukuma konveta huku ukiizungusha. Itashuka kwa hatua, kila hatua na mlio wake mdogo, hadi usikie imekaa. Weka rula kukatisha mdomo wa giaboksi na upime kina hadi kwenye masikio ya bolti za konveta: yawe yamezama zaidi ya sentimita 2. Ikiwa yako karibu na ukingo, haijaingia kwenye pampu. Kisha kutanisha na injini kwa mkono. Nyuso mbili zigusane kabisa bila bolti kuvuta. Bolti nene za mdomo Nm 64, nyembamba Nm 46. Sasa jaribu kuzungusha konveta kupitia kidirisha: izunguke kwa kidole na ibaki na mwanya mdogo mbele ya sahani ya flaiwili. Hakuna mwanya, tenganisha upya.

Kushusha ni kunyanyua kinyumenyume, isipokuwa waya. Waya wa garini utafutwe na ufungwe pembeni kabla injini haijashuka, kwa sababu ukibanwa kati ya giaboksi na bodi utakatika ndani ya ganda bila kuonekana. Maunti zote ziingizwe bolti kwa mkono kwanza. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, injini inakaa imejipinda na usukani utatetemeka gari likiwa sailensa, kisha lawama itaenda kwenye injini mpya. Boli jointi Nm 142.

Ile waya ya throto kwenye giaboksi: mtu akanyage mafuta hadi mwisho, kisha angalia umbali kati ya ukingo wa ganda la waya na kizuizi kilichobanwa kwenye waya. Uwe milimita 0 hadi 1. Ukilegea sana, presha ndani ya giaboksi inakuwa ndogo, gia zinaingia mapema na kuteleza, na klachi za ndani zinaungua taratibu huku dereva akifurahia ulaini wa gia. Ukikazwa mno, gia zinachelewa na kuingia kwa kishindo.

Tia oili ya injini lita tatu na kidogo, hakikisha kwa dipstiki. Maji yatiwe polepole hita ikiwa imefunguliwa kwenye moto, mipira ikiminywa kwa mkono ili hewa itoke. Rilei ya pampu ya petroli ikiwa bado imechomolewa, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime, ndipo uirudishe na uwashe. Ikishapata moto, unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha ukaguzi kwa kipande cha waya, elekeza taa ya taiming kwenye puli, zungusha distribyuta hadi nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), kaza, ondoa waya.

Oili ya giaboksi ndiyo inayopimwa vibaya zaidi. Inapimwa injini ikiwaka, giaboksi ikiwa ya moto, baada ya kupitisha mkono wa gia nafasi zote na kurudi P, kwenye alama za joto za dipstiki. Ukipima injini imezima, itasoma nyingi kuliko ilivyo na utaliachia gari likiwa na upungufu. Baada ya mwendo wa kwanza pima tena, maana rejeta na mabomba yake huwa yamekunywa kiasi chao. Kagua pia sili mbili za draivishafti kwa tochi, na nati za ekzosi zikiwa zimepoa, kwa sababu gasketi mpya hukaa na nati hulegea.

Injini ya zamani usiitupe upesi. Alteneta, stata na silinda hedi yake bado ni vipuri vizuri vya gari hilihili.